SAHANI YA MTOTO, NYUMBANI NA NJIANI

Somo letu la mwezi huu ni juu ya jambo tulionalo kila siku, na kwa kuwa twaliona kila siku hatuliangalii. Ni chakula cha mtoto mdogo, yule aliyekwisha kuanza kula lakini hajaweza kujitetea penye sinia; yaani tangu miezi 6 hata miaka 3 hivi. Mtoto huyu aweza kukaa na njaa katika nyumba yenye chakula, mikononi mwa wazazi wampendao. Dawa yake si ya fedha nyingi: apewe sahani yake mwenyewe na saa zake mwenyewe, nyumbani hata safarini.

1. Tumbo lake ni dogo.

Mtu mzima akila ugali na maharagwe mchana, aweza kushika jembe hata jioni. Mtoto hawezi. Tumbo la mtoto wa miezi 8 hujaa kwa kiasi cha kikombe kimoja cha chai, na mwili wake unakua upesi. Hivyo hawezi kula mara moja chakula cha kumtosha siku nzima, hata kikiwapo tele. Shirika la Afya Duniani lashauri mtoto anyonye tu, pasipo chakula kingine, hata atimize miezi 6. Kisha apewe chakula pamoja na maziwa ya mama hata miaka 2 au kupita. Mtoto wa miezi 6 hata 8 ale mara 2 au 3 kwa siku. Wa miezi 9 hata 23 ale mara 3 au 4, tena apate kitu kidogo katikati, mara 1 au 2. Haba na haba hujaza kibaba.

Uangalieni na uji. Uji mwepesi sana ni maji mengi na unga kidogo: tumbo limejaa, lakini mwili haukupata kitu. Basi uwe mzito, usitiririke upesi katika kijiko. Mtoto akishindwa kuumeza, iko njia ya kuulegeza pasipo kuongeza maji, nayo ni kimea cha ulezi. Wengi wakijua kimea kwa kazi ya pombe tu. Kumbe chafaa zaidi katika sufuria ya mtoto. Uji mzito ukiisha kuiva na kupoa kidogo, tia kijiko kidogo cha unga wa kimea, ukoroge. Kimea huvunja wanga, na baada ya dakika chache uji walegea wenyewe. Kisha uchemshe tena, uupoze, umlishe.

Tena uji peke yake hautoshi, wala ndizi peke yake, wala muhogo. Hivi vyashibisha, lakini havijengi mwili vizuri. Changanyeni maharagwe yaliyopondwa, au maziwa, au yai, au dagaa waliosagwa, au unga wa karanga, pamoja na mboga za majani.

Katika miaka ya 1930 mganga mmoja, Bibi Cicely Williams, alifanya kazi katika nchi ya Ghana, iliyoitwa Gold Coast wakati ule. Aliona watoto walioachishwa ziwa na kulishwa karibu mahindi tu: miguu ilivimba, nywele zikageuka rangi, ngozi ikachubuka, na wengi walikufa. Mwaka 1935 aliandika jina ambalo akina mama wa Accra waliuita ugonjwa ule kwa lugha yao ya Kiga, nasi twauita kwashiakoo. Maana yake ni ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa mahali pake mdogo wake alipozaliwa. Wale akina mama waliona vema: mtoto amepoteza mahali pake kifuani pa mama, wala hajapewa mahali pengine.

2. Mahali pake penye chakula.

Kula pamoja katika sinia moja ni desturi njema. Yafundisha adabu na umoja. Lakini mtazameni mtoto wa miaka 2 penye sinia hilo. Wakubwa hukata tonge, huchovya, humeza. Yeye bado apuliza tonge lake la kwanza. Akilimaliza, mchuzi umekwisha. Hakuna aliyemnyima, wala hakuna ajuaye kwamba hakushiba. Kwa hiyo kabla ya kupakua kwa ajili ya wote, pakueni sahani ya mtoto, pamoja na kipande chake cha nyama au samaki, kikatwe kidogo kidogo. Akae pale pale kando ya sinia, ajifunze adabu za wenziwe. Lakini kilicho katika sahani ni chake. Na mtu mmoja, mama au baba au dada mkubwa, aketi karibu amtie moyo kula pasipo kumlazimisha. Kilichobaki kitawaonyesha jinsi alivyokula.

3. Masurufu ya njiani.

Sasa tuhesabu siku ya matembezi. Jamaa wanakwenda kumwamkia bibi. Wanatoka saa 12 asubuhi, na mtoto amekunywa chai kidogo. Wanafika saa 6. Bibi afurahi, akamata kuku. Chakula chapakuliwa saa 9. Wakubwa wamevumilia, lakini mtoto amekaa saa 9 nzima kwa chai ile! Akilia husemwa kwamba ana deko. Kisha hulala, na watu husema, Sasa ametulia.

Basi masurufu ya mtoto yafungwe kwanza. Ndizi mbivu yapita vyote, kwa maana imekuja na kifuniko chake. Parachichi lifaa, na viazi vitamu vilivyochemshwa asubuhi ile. Maji yawe yaliyochemshwa, katika chupa safi yenye kizibo. Uji mtamu ukikaa vuguvugu katika chupa muda mrefu, viini vya maradhi huzaliana ndani yake; ukibebwa, unywewe kabla ya saa 2 kupita. Pale wanapojua kutengeneza togwa vizuri, uchachu wake huzuia vingi vya viini hivyo. Wala msisahau kipande cha sabuni kwa mikono.

Njiani mtoto ale ameketi. Asile akikimbia, wala akitikiswa mgongoni au ndani ya gari. Karanga nzima, punje za mahindi na vipande vya muwa visipewe watoto wadogo, kwa kuwa vyaweza kuwapalia na kuwaziba pumzi.

4. Ugenini.

Wengine huona haya kumlisha mtoto kabla ya mwenyeji kupakua, wasije wakadhaniwa kuwa hawamtumaini. Mama na aseme kwa heshima, Shikamoo bibi, mjukuu wako ana saa zake; nitampa ndizi hii, kisha atakula kuku wako pamoja nasi. Hakuna bibi atakayechukizwa na neno hilo. Na ninyi wenyeji, mkiona mgeni amebeba mtoto, mpeni mtoto chochote kilicho tayari, wakubwa wangoje.

Ninyi walimu wa vijiji, jambo hili laweza kuzungumzwa na watu wote pamoja. Katika miaka ya 1980 vijiji vingi vya mkoa wa Iringa vilipima uzito wa watoto kila miezi mitatu, na wazazi na wazee wakauliza wenyewe kwa nini wengine hawaongezeki. Sababu moja iliyoonekana ilikuwa kulishwa mara chache mno. Walipolishughulikia hilo pamoja na mengine, watoto waliodhoofika sana wakapungua.

Maswali ya kuzungumza:

1. Jana mtoto wako mdogo alikula mara ngapi, na saa ngapi?
2. Ni nani katika nyumba yako ajuaye kama alishiba?
3. Katika safari yenu ya mwisho, masurufu ya mtoto yalifungwa na nani?
4. Mtoto aliyepata mdogo wake mwaka huu, amepewa mahali gani penye chakula?