Fedha za Kurejesha Rutuba ya Udongo: Mkulima wa Majani Chai Ajiandae Vipi?

Wakulima wengi wa majani chai katika kaunti za Kericho na Bomet hupata mbolea ya NPK 26:5:5 kupitia viwanda vya KTDA, na gharama yake hukatwa kwenye malipo ya majani. Mbolea hiyo inahitajika. Lakini ikitumika peke yake mwaka baada ya mwaka, asidi huongezeka na mboji hupungua. Udongo uliochoka haushiki mbolea. Mvua huisomba, na mkulima hulipia kitu ambacho zao lake halikukipata.

Udongo unahitaji nini

Njia za kurejesha rutuba zinajulikana: kuacha matawi yaliyopogolewa shambani badala ya kuyabeba yote kwa kuni, kutumia samadi na mboji, kupanda nyasi za kuzuia mmomonyoko kwenye miteremko, na kupanda miti inayofaa mipakani.

Chokaa ya kilimo ihitaji uangalifu. Majani chai hupenda udongo wenye asidi, pH ya takriban 4.5 hadi 5.5. Mahindi hutaka zaidi ya hapo. Chokaa inayofaa shamba la mahindi yaweza kudhuru chai iliyo kando yake. Kwa hiyo, kipimo cha udongo kitangulie ununuzi.

Fedha zinapitia wapi

Kila mfuko una mlango wake.

Ruzuku ya mbolea ya serikali ya kitaifa humfikia mkulima binafsi aliyesajiliwa, kwa ujumbe wa simu. Hii hupunguza bei ya mbolea. Haigharamii mboji wala nyasi.

Mpango wa FLLoCA, ambao Benki ya Dunia iliuidhinisha mwaka 2021, hufadhili miradi ya jamii ya kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi. Fedha hizi haziingii mfukoni mwa mkulima mmoja. Wakazi hupendekeza mradi kupitia kamati ya wadi, kwa mfano kuhifadhi chemchemi au mteremko unaomomonyoka.

Njia ya tatu ni ruzuku za vikundi. Mradi wa KCSAP, ulioidhinishwa mwaka 2017, ulizihusisha Kericho na Bomet, na ruzuku zake zilipitia vikundi vilivyoandika mapendekezo. Mkulima aliyekuwa peke yake hakuwa na mlango wa kuingilia.

Hatua za kujiandaa

1. Sajili kikundi, fungua akaunti ya benki, na weka kumbukumbu za mikutano na michango.

2. Pima udongo. Chukua sampuli sehemu nyingi za shamba, changanya kwenye ndoo safi isiyowahi kuwekwa mbolea, kisha peleka takriban nusu kilo maabara. Usichukue karibu na zizi, wala punde baada ya kuweka mbolea. Taasisi ya Utafiti wa Chai ya KALRO iko Kericho.

3. Andika mpango mfupi: tatizo ni nini, ekari ngapi, kazi gani, gharama gani, na kikundi kitachangia nini. Mwombe afisa wa kilimo wa wadi aupitie.

4. Hudhuria mikutano ya umma kuhusu bajeti ya kaunti. Pendekezo ambalo halikutajwa huko ni vigumu kupata fedha.

Tahadhari

Anayeahidi ruzuku kwa malipo ya "kuharakisha fomu" aripotiwe. Kikundi kisitoe nambari ya siri ya simu wala ya benki kwa mtu yeyote.

Maswali ya kujadili katika kikundi

- Msimu uliopita, matawi yaliyopogolewa yalikwenda wapi?
- Ni sehemu gani ya shamba mvua huondoa udongo zaidi?
- Fedha zikitangazwa wiki ijayo, ni karatasi gani kikundi hakina?

Swali la mwisho ndilo la kuanza nalo. Tangazo la ruzuku huwa na siku ya mwisho. Sampuli, akaunti na mpango havitayarishwi kwa siku moja.