Ankete Inakuja Shambani: Vidokezo kwa Mwombaji na kwa Anayempinga

Toka Likasi kwa njia yoyote unayotaka, ya Kambove au ya Lubumbashi, utaona jambo lilelile. Shamba la mihogo limepigwa kamba, matofali yamepangwa, na kijana amekaa kivulini akilinda lupango, kiwanja ambacho bado hakina hata msingi. Siku mbili tatu baadaye anafika mzee na wajukuu wake: "Hapa ni kwetu." Kelele zinaanza.

Sheria ya ardhi ya Kongo ya 20 Julai 1973 iliona kelele hizo mapema. Katika vifungu vya 193 hadi 203 inataka uchunguzi wa awali, ule ambao ofisini wanauita ankete, ufanyike kabla ya ardhi ya vijijini kutolewa. Maana yake, watu wa serikali watoke mezani, waende waone nani ana haki gani pale. Wengine wanaipokea ankete kama mvua, inakuja na kupita. Hilo ni kosa, kwa sababu yatakayoandikwa siku hiyo ndiyo yatakayosomwa na mkubwa ambaye hatakanyaga shamba lako maisha yake yote.

1. Kwanza ujue umesimama wapi

Likasi ina komini nne: Likasi, Panda, Kikula na Shituru. Ukivuka mpaka wa mji unaingia teritwari ya Kambove, na hapo ofisi zinabadilika. Kwa sheria, ardhi ya mji ni ile iliyo ndani ya mipaka iliyotangazwa. Nyingine yote ni ya vijijini, hata kama ina umeme, kanisa na baa mbili. Kuna watu wamelipa ada komini kwa ardhi ambayo komini haina usemi juu yake. Usimwulize anayekuuzia. Nenda kadasta, uonyeshwe kwenye ramani.

2. Andika kabla gari halijafika

Wachunguzi wanapaswa kupokea na kuchambua habari zote za maandishi watakazopewa. Basi wape. Ukurasa mmoja unatosha: shamba liko wapi, linapakana na nani, umelima tangu lini, nini kimo ndani. Chukua nakala yenye muhuri na tarehe ya kupokelewa. Barua isiyo na muhuri ni sawa na stori.

3. Jua kazi yao kuliko wanavyodhani unaijua

Kifungu cha 194 hakizunguki. Timu ikifika inapaswa kuhakiki mipaka ya ardhi inayoombwa, pale pale uwanjani. Ihesabu watu wanaoishi hapo au wanaofanya shughuli yoyote hapo. Ieleze vilivyopo: mashamba, misitu, mito, njia. Isikilize watu wanaotoa madai yao kwa mdomo. Na iandikishe maandishi yale tuliyoyataja juu.

Angalia hapo kwenye kusikiliza. Uingereza, madiwani wa mji wakienda kukagua kiwanja chenye ugomvi kabla ya kupiga kura, kawaida yao ni kutazama tu. Hawaruhusu mabishano pale kiwanjani, na maneno yote yanasubiri kikao. Huenda kwao inafaa, maana kikao kipo na wananchi wanaingia. Kwetu mkulima wa Kambove hana kikao kingine cha uhakika zaidi ya hicho kilicho chini ya mwembe. Kwa hiyo ofisa akikwambia, "Baba, leo tumekuja kupima tu, maneno utaleta ofisini," mjibu kwa heshima zote kwamba sheria imemtuma asikilize hapahapa, kisha uendelee kusema.

Na kama hakuja kabisa, PV, yaani ripoti rasmi ya ankete, ikaandikwa ofisini kwa kukisia? Hilo hutokea. Ndiyo sababu ya kuwa na mashahidi wa siku, hata wa siku ambayo hakuna aliyefika.

4. Tembea mpaka wote, hadi nyuma kabisa

Hiki ndicho kidokezo ninachokipenda, na ndicho watu wanachokikimbia kwa sababu ya jua. Timu hushuka garini, hupiga picha mbili barabarani, hunyoosha mkono: "Inaishia kule?" Kila mtu anaitikia "Ndiyo," na hekta kadhaa zinabadili mwenyewe kwa neno moja.

Usikubali kunyoosha mkono. Waongoze kwa miguu kona hadi kona, na kwenye kila kona mpima ardhi achukue vipimo mbele ya majirani wote wanaopakana. Jirani akisema "hapana, si hapa," vizuri sana: ugomvi umeonekana, na sasa uandikwe.

Chunga alama unazotaja. Wazee wengi wa huku hutaja kichuguu. Vichuguu vya Katanga ni vikubwa kweli, vingine vinapita paa la nyumba, na baba zetu walivitumia kwa sababu walidhani haviondoki. Lakini udongo wake ndio mzuri kwa matofali. Mtu anaanza kujenga, anachimba kichuguu kidogo kidogo, na kufikia nyumba yake kusimama alama ya mpaka imeingia ukutani. Mto mdogo nao hubadili njia. Taja vitu viwili au vitatu kwa kila kona, na kimoja kiwe jiwe ulilosimika pamoja na jirani.

Halafu kuna majira. Mwezi wa pili nyasi zinampita mtu na mipaka haionekani, mwezi wa tisa moto umeshapita na kila kitu kiko wazi. Dembo, bonde la majimaji, ni kinyume. Wakati wa mvua ni maji na matete, kiangazi limejaa mboga za akina mama. Mgeni akilikuta mwezi wa pili ataandika "ardhi tupu," na moyoni hatakuwa amedanganya. Vivyo hivyo shamba lililopumzishwa: kwake ni pori, kwako ni mihogo ya miaka miwili ijayo. Mwonyeshe matuta ya zamani, visiki vilivyokatwa, njia ya kwenda mtoni. Ukiwa na picha za kiangazi kwenye simu, zitoe.

5. Makaburi na miembe ina sauti

Mwembe mzee katikati ya pori haukujipanda. Mara nyingi unasimama palipokuwa na kijiji kabla hakijahamia barabarani. Makaburi ndiyo zaidi. Fyeka njia ya kuyafikia siku moja kabla, kwa sababu ofisa mwenye viatu vya kiofisi haingii kwenye miiba ili kusoma msalaba. Usichonge kaburi jipya juu ya udongo mtupu, tafadhali. Wanakijiji watakucheka, na upande wa pili hautasahau kulitaja.

6. Mama aliyelima asimame mbele

Siku ya ankete wanaume huvaa mashati ya kupiga pasi na kujaza viti. Akina mama wako nyuma wanapika bukari ya wageni. Mmoja wao analima palepale kila msimu na anajua mti upi ulikatwa na nani, lakini hakuna aliyemwita. Sheria inataka wahesabiwe wote wanaofanya shughuli pale, si wenye viti tu. Jina lake liingie kwenye orodha, na aongee mwenyewe. Sufuria itapata mtu wa kuikoroga.

7. Karatasi ya chifu ni ushahidi, si hati

Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotelea. Chifu au mkuu wa kijiji anapokea zawadi yake, anaandika karatasi, anagonga muhuri, na mnunuzi anarudi mjini akijiita mwenye ardhi. Kifungu cha 53 kinasema udongo ni mali ya serikali peke yake. Haki ya kuutumia inathibitishwa na cheti cha uandikishaji anachotoa konsevateri wa hati za ardhi, basi.

Hata hivyo msimdharau chifu. Sheria hiyohiyo ya 1973, katika kifungu cha 389, iliahidi amri ya rais ya kupanga haki za wenyeji juu ya ardhi wanayoishi na kulima kwa mila. Wenyeji waliisubiri miongo na miongo bila kuiona. Katiba ya 2006, kifungu cha 34, inalinda mali iliyopatikana kwa sheria au kwa mila. Katikati ya pengo hilo, neno la chifu mbele ya timu lina uzito mkubwa. Mwite, msikilize, na umwulize mbele za watu swali ambalo wengi huogopa: "Mkubwa, ardhi hii uliwahi kumpa mwingine?"

8. Transpor ilipwe mchana kweupe

Gari la ofisi halina mafuta. Halijawahi kuwa nayo. Mwombaji ndiye hulipa safari, na timu inashuka kwenye gari lake ikiwa imeshakula kwake. Wapinzani wakiona hivyo wanajua mechi imeanza na goli moja. Dawa isiyo kamili lakini inayosaidia: kila kinachotolewa kitolewe hadharani, kwa risiti, na pande zote zijue ni kiasi gani. Bahasha ya madesu ya bana, yaani hongo, ni habari nyingine. Ukiitoa leo, mwenye bahasha nene kuliko yako atakuja kesho, na huna pa kulalamikia.

9. Uliza kilicho chini ya udongo

Hii ni Katanga. Juu unaweza kuwa na lupango, chini kuna mtu mwenye kibali cha madini. Kabla ya kupanga tofali la kwanza, mwombe anayejua akuangalizie ramani ya kadasta ya madini, CAMI. Sheria ya madini ya 2002, iliyorekebishwa 2018, inamtaka mwenye kibali awalipe fidia wanaokalia ardhi anayoihitaji, na hapo PV ya ankete inayoorodhesha nyumba, miti na mazao yako inakuwa karatasi tamu sana. Asiye na karatasi ajue historia ya jirani. Shinkolobwe, upande wa magharibi wa Likasi, ilikuwa na kijiji cha maelfu waliofuata kobalti. Mwaka 2004 mgodi ulifungwa kwa amri ya rais na kijiji kikabomolewa.

10. Usitie sahihi usichokielewa

PV itaandikwa kwa Kifaransa, saa kumi jioni, watu wamechoka na wageni wanataka kurudi kabla ya giza. Huo ndio wakati wa kuwa mkaidi kidogo. Omba isomwe kwa sauti, kwa Kiswahili, mbele ya wote. Sikiliza mambo matatu: majina yote yamo? Vilivyoonekana vimetajwa, hasa makaburi na mashamba yaliyopumzika? Madai ya wapinzani yameandikwa kama walivyoyasema, au yamegeuzwa kuwa "hakuna pingamizi"?

Kuna kosa? Andika pingamizi lako kwa mkono juu ya sahihi yako, hata mstari mmoja. Sentensi "sikubaliani na kona ya kaskazini" imewahi kuwa na faida kuliko saa nzima ya kupiga kelele. Piga picha kurasa zote. Wakikataa, andika tarehe, saa na majina ya waliokuwepo kwenye daftari lako, mashahidi watie sahihi humo.

11. Baada ya vumbi kutulia, fuatilia

Jalada linapanda ngazi kulingana na ukubwa wa ardhi. Ya vijijini hadi hekta 200 iko mikononi mwa gavana wa jimbo, na vipande vidogo chini ya hekta 10 anaweza kumwachia konsevateri. Zaidi ya hekta 200 hadi 1,000 ni waziri, kupita hapo ni rais, na juu ya 2,000 inahitajika sheria kabisa. Lupango la kawaida haliendi Kinshasa, kwa hiyo anayekwambia "limekwama kwa waziri" mwulize ni hekta ngapi.

Wewe unayepinga, usirudi nyumbani ukangoja barua. Pita ofisini kila mwezi na ile nakala yako yenye muhuri. Cheti cha uandikishaji kikishatoka, una takriban miaka miwili ya kukishambulia mahakamani. Ikipita, hata mwenye haki hubaki akidai fidia tu. Na wewe uliyeshinda, andika tarehe ya cheti ukutani ikiwa utapenda, lakini usianze kubomoa kibanda cha jirani. Kumwondoa mtu kunahitaji hukumu ya mahakama.