Kinyesi cha Nyoka na Afya Yake

Mtu anayefuga nyoka kwa mara ya kwanza hushtuka aonapo donge jeupe, mfano wa chokaa, sakafuni mwa kizimba. Hudhani mnyama wake ni mgonjwa, na pengine hukimbilia dawa. Kabla ya hapo, na atoke nje akatazame kinyesi cha kuku. Sehemu nyeusi ni mabaki ya chakula. Sehemu nyeupe ni mkojo. Kuku na nyoka hawana kibofu, wala hawatoi yurea iliyoyeyuka katika maji mengi kama tufanyavyo sisi. Figo zao hutoa nitrojeni iliyozidi kwa umbo la asidi ya yuriki, ambayo haiyeyuki kwa urahisi, na maji hurudishwa mwilini. Yote hutokea katika tundu moja liitwalo kloaka.

Donge jeupe, basi, ni la kawaida. Likiwa gumu kama changarawe, na ngozi ya nyoka ina makunyanzi, huenda amekosa maji. Likigeuka kijani kilichokolea, huenda amekaa na njaa muda mrefu au ini lake lina kasoro. Manyoya na meno ya panya katika sehemu nyeusi si ajabu. Wala kukosa choo kwa wiki moja si kufunga choo: jamii ya kifutu huweza kukaa na kinyesi tumboni miezi kadhaa.

Swali la kwanza la mchunguzi lisiwe juu ya vimelea, bali juu ya joto. Nyoka hutegemea joto la nje ili vimeng'enya vyake vifanye kazi. Chatu huhitaji mahali penye nyuzi 30 hivi za sentigredi ili ammeng'enye panya. Sasa fikiria Akheri, kwenye mteremko wa Mlima Meru, usiku wa mwezi wa Julai, ambapo kipimajoto hushuka chini ya nyuzi 15. Panya aliyemezwa jioni huanza kuoza tumboni kabla hajameng'enywa, na nyoka humtapika au hutoa choo cha majimaji chenye uvundo. Hapo dawa haisaidii kitu. Wekeni taa ya kutia joto upande mmoja, nje ya wavu ili asiungue, na upande wa pili ubaki baridi ili achague mwenyewe.

Joto likiwa sawa na bado kuna ute, damu na harufu kali, vimelea vishukiwe. Mmoja aogopwaye ni amiba aitwaye Entamoeba invadens, ambaye huharibu utumbo wa nyoka na kumuua. Kobe huweza kumbeba bila kuugua. Kwa hiyo kobe na nyoka wasikae pamoja. Tahadhari nyingine: ivamektini, dawa ya minyoo iliyozoeleka kwa ng'ombe na mbuzi, ni sumu kali kwa kobe. Dawa ya zizini isihamishwe kizimbani kwa kukisia.

Shule yenye hadubini yaweza kuchanganya kinyesi kibichi na tone la maji ya chumvi ya asilimia 0.9 na kukitazama. Lakini mayai ya minyoo yanayoonekana huenda ni ya panya aliyeliwa, yakipita tu. Ndiyo maana uchunguzi hurudiwa baada ya mlo mwingine, na majibu hulinganishwa na uzito wa nyoka, ulioandikwa kila wiki.

Wanafunzi wavae glavu na wanawe mikono kwa sabuni, kwa sababu nyoka mwenye afya njema huweza kutoa bakteria wa salmonela. Nyoka wa sumu asishikwe shuleni, na kumfuga mnyamapori yeyote kwahitaji kibali chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Choo chenye damu kitiwe katika chupa safi yenye kifuniko, kiandikwe tarehe na mlo wa mwisho, kipelekwe siku hiyohiyo kwa daktari wa mifugo.