Makombe ya Chaza na Ganda la Yai

Katika pwani ya Mtwara, toka Mikindani hadi Msimbati, makombe ya chaza walioliwa ni chokaa isiyonunuliwa kwa kuku wa mayai. Je, yasagwe yawe unga, au yapondwe vipande?

Ganda la yai, ambalo karibu asilimia 94 yake ni kalsiamu kabonati, huumbwa kwa saa 20 hivi, hasa usiku, wakati kuku hali. Unga laini hupita tumboni upesi. Usiku kuku hulazimika kuchota kalsiamu zaidi katika mifupa yake. Vipande vya milimita 2 hadi 4 hukaa ndani ya firigisi, vikiyeyuka polepole.

Jaribio: tia unga na vipande, uzito ulio sawa, katika vikombe viwili vya siki. Unga hutoa povu jingi na kutulia mapema. Vipande huendelea kutoa mapovu.

Basi makombe yaoshwe, yakaushwe, yapondwe, na kuwekwa katika chombo cha peke yake. Kuku atajipimia, hasa jioni. Matumbawe yasivunjwe kwa ajili hiyo: eneo la Ghuba ya Mnazi na mlango wa Ruvuma ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 2000.