Michezo ya Uwanjani: Shule ya Ukweli kwa Vijana

Kazi ya shamba ikiisha, na somo la dini likiisha, vijana hubaki na saa moja au mbili kabla jua halijatua. Saa hiyo ni fupi, lakini ina nguvu kubwa. Kijana akiitumia vizuri, hurudi nyumbani mwenye furaha, na kesho yake hushika jembe au daftari kwa moyo mwepesi. Akiitumia vibaya, huenda kukaa penye pombe, au huzungukazunguka njiani akichokoza watu. Ndiyo sababu walezi wema wa vijana hawakuudharau mchezo hata kidogo.

Wako wazee wanaosema ya kuwa mchezo ni kazi ya watoto wadogo, na kijana wa miaka 14 au 15 aache kucheza. Wazee hao wana haki wakikemea uvivu. Lakini mchezo si uvivu. Mvivu hukaa kivulini. Mchezaji hutoka jasho, hutii amri, husaidia wenzake. Somo hili litaonyesha michezo michache isiyotaka fedha, tena litaonyesha jambo moja ambalo mchezo hulifundisha kuliko maneno mengi: kusema ukweli hata ukweli ukileta hasara.

1. Mfano wa Mtakatifu Yohane Bosco

Yohane Bosco alizaliwa mwaka 1815 katika kijiji cha Becchi, upande wa kaskazini wa Italia. Baba yake alikufa yeye hajatimiza miaka 2, naye mama yake, Margherita, aliwalea watoto kwa kazi ya shamba. Siku za soko na za sikukuu, Yohane alikwenda kuwatazama watu waliocheza michezo ya maajabu mbele ya makutano. Aliwaangalia kwa makini, akarudi nyumbani akajaribu, akaanguka, akajaribu tena, mpaka akaweza kutembea juu ya kamba iliyofungwa kati ya miti miwili. Watu walipokusanyika kumtazama, hakuwatoza fedha. Aliwaomba kwanza wasali rozari pamoja naye, na wasikilize mahubiri aliyoyasikia kanisani. Ndipo alipopanda kambani.

Mwaka 1832, alipokuwa mwanafunzi katika mji wa Chieri, alianzisha pamoja na wenziwe Chama cha Furaha. Amri zake hazikuwa nyingi: mtu asiseme wala asitende lisilomfaa Mkristo, atimize kazi zake za shule na za dini, tena awe mwenye furaha. Mwaka 1841 akapewa upadri. Katika mji wa Torino akawakusanya wavulana maskini, wengi wao wakiwa wametoka vijijini kutafuta kazi. Hakukaa mbali akiwapeleleza; alikuwa kati yao uwanjani, akikimbia pamoja nao. Alikufa mwaka 1888, na mwaka 1934 Papa Pius XI akamtangaza kuwa Mtakatifu. Wana wake, Wasalesiani, walifika Katanga mwaka 1911.

Wengine nao walishika njia kama hiyo katika Kongo. Padri Raphaël de la Kethulle, ambaye watu walimwita Tata Raphaël, alifanya shule na michezo viende pamoja huko Kinshasa mpaka kufa kwake mwaka 1956, na uwanja mmoja mkubwa wa mji huo wachukua jina lake hata leo.

2. Mchezo wa kitambaa

Mchezo huu wataka kitambaa kimoja tu na mahali palipo wazi. Gawanyeni vijana katika vikundi viwili vyenye hesabu sawa, kama 8 na 8. Kila kikundi hujipanga nyuma ya mstari wake, vikitazamana, na kati ya mistari hiyo iwe nafasi ya hatua 20 au 30. Kila kijana hupewa namba: upande huu wa 1 mpaka 8, na upande ule vilevile. Kiongozi husimama katikati, kando kidogo, akishika kitambaa kwa mkono ulionyoshwa.

Kiongozi akiita «Tano!», kijana wa namba 5 wa kila upande hukimbia kuja katikati. Anayekinyakua kitambaa hukimbia kurudi nyuma ya mstari wake. Akifika bila kuguswa, kikundi chake hupata alama moja. Lakini mwenzake akimgusa kabla ya mstari, alama ni ya upande wa pili. Mwenye akili hakimbilii kitambaa upesi. Humdanganya mwenzake kwa mkono na kwa macho, mpaka apate nafasi. Udanganyifu wa namna hiyo hauna dhambi, maana ni sehemu ya mchezo, na wote wawili wameukubali.

Lakini uko udanganyifu mwingine, nao huua mchezo. Kiongozi amesimama katikati, na mbio huishia mbali naye. Mara nyingi hawezi kuona kama mkono uligusa shati au haukugusa. Nani ajua? Aliyegusa ajua, lakini watu hawamwamini, kwa kuwa anatafuta faida yake. Aliyeguswa ajua zaidi, maana aliuona mkono kwa ngozi yake. Kwa hiyo sheria ya kwanza ya mchezo huu ni hii: aliyeguswa ndiye shahidi.

3. Kijana aliyesema «Nimeguswa»

Chukueni mfano. Katika kijiji kimoja vijana wa mitaa miwili walicheza mchezo wa kitambaa siku ya Dominika, mbele ya wazazi wao. Vikundi vilikuwa sawasawa, alama 7 kwa 7, ikabaki namba moja ya mwisho. Kijana wa mtaa wa chini akanyakua kitambaa, akakimbia, akavuka mstari. Mtaa wake wote wakapiga vigelegele.

Kiongozi akasema: «Alama ni yenu, ndugu. Mmeshinda.»

Kijana yule alikuwa akihema, kitambaa mkononi. Akajibu: «Hapana, mkubwa. Alinigusa begani kabla ya mstari.»

Wenzake wakamkemea: «Nani amekuuliza?»

Mtaa wa chini wakashindwa. Jioni ile hakuna mwenzake aliyemsindikiza nyumbani, na mdogo wake mwenyewe alikataa kula naye sahani moja. Kusema ukweli hakukumletea sifa siku ile, kulimletea uchungu. Hayo yafaa kusemwa wazi, ili asitokee kijana wa kudhani kwamba ukweli hulipwa papo hapo.

Mwezi uliofuata vijana wa mitaa yote miwili wakapatana kuchanga fedha za kununua mpira mmoja wa ngozi. Likatokea swali: nani atazitunza? Wakakaa kimya kidogo. Kisha mmoja wa mtaa wa juu akamtaja yule yule aliyesema «nimeguswa», wala hapakuwa na mtu wa kumkataa, hata kati ya wale waliomkemea.

Waone basi wakatekumeni. Amri ya nane ya Mungu hukataza uongo, na kila mmoja aweza kuitaja kwa moyo. Lakini kuitaja ni kazi ya ulimi. Uwanjani kijana huizoeza kwa kitu kidogo, alama moja tu, ili siku moja aweze kuishika kwa kitu kikubwa: mbuzi wake akila mihogo ya jirani, au fedha za chama zikiwa mikononi mwake na hakuna azihesabuye.

4. Michezo mingine mitatu

Mbio za kijiti. Vikundi viwili au vitatu hujipanga, na mbele ya kila kikundi, hatua 40, huwekwa jiwe kubwa. Wa kwanza hukimbia na kijiti, hulizunguka jiwe, hurudi, humpa wa pili kijiti mkononi, hivyo mpaka wa mwisho. Anayetoka kabla hajapokea kijiti hurudi kuanza tena. Msimwache nje kijana mwenye mwendo wa polepole. Mpangeni katikati, na mwenye mbio awe wa mwisho.

Kuvuta kamba. Tafuteni kamba nene isiyooza, mfunge kitambaa katikati yake, mchore mistari mitatu chini. Pimeni vikundi kwa nguvu, si kwa hesabu tu. Washindi ni wale waliovuta mara mbili kati ya tatu. Mtu asiizungushe kamba mkononi wala kiunoni, maana inaweza kumvunja vidole au kumkokota. Wala watu wasiiachilie ghafula kwa kuwacheka wenzao waangukao.

Nzango. Wasichana wa Kongo waujua mchezo huu tangu uwanja wa shule. Vikundi viwili husimama vikitazamana, vikiimba na kupiga makofi. Msichana mmoja wa kila upande hutoka. Wote wawili huruka pamoja kwa mapigo ya wimbo, kisha kila mmoja hutupa mguu mmoja mbele. Wamepatana tangu mwanzo: miguu ikikutana, alama ni ya huyu, ikipishana, ni ya yule. Wengine waliudhani mchezo wa kitoto, lakini mwaka 2015 ulichezwa mbele ya wageni wa Afrika nzima katika Michezo ya Afrika iliyofanyika Brazzaville.

5. Mambo ya kuangaliwa

Kabla ya kucheza, kiongozi aukague uwanja: aondoe miiba, vipande vya chupa na mawe makali, afyeke majani marefu penye kuweza kujificha nyoka. Maji ya kunywa yawe karibu. Jua likiwa kali, mngojee lipoe. Mahali pa mto wenye nguvu au wenye mamba si mahali pa mchezo.

Tena, angalieni nani hayupo. Mara nyingi wavulana wako uwanjani, na dada zao wako njiani na ndoo kichwani, au jikoni machoni mwao moshi. Siku zinapita, msichana hachezi kamwe, na watu husema: «Yeye hapendi mchezo.» Si kwamba hapendi, hana saa. Ndugu yake akiteka maji pamoja naye mchana, wote wawili watakuwa huru jioni. Hiyo nayo ni haki, kama haki ya alama.

Mwisho, mchezo uishe kabla ya giza. Kiongozi awakutanishe wote, washindi na walioshindwa, wapeane mikono, wataje yaliyokwenda vibaya, wayamalize pale pale. Neno la uwanjani lisilale nyumbani.

Maulizo

1. Mchezo na uvivu vyatofautiana namna gani?
Mvivu hukaa kivulini bila kazi. Mchezaji hutoka jasho, hutii amri na husaidia wenzake.

2. Yohane Bosco aliwaomba watazamaji wake nini?
Aliwaomba wasali rozari na wasikilize mahubiri kwanza, hakutaka fedha.

3. Katika mchezo wa kitambaa, shahidi ni nani?
Aliyeguswa ndiye shahidi, kwa kuwa ndiye ajuaye zaidi.

4. Kijana aliyesema ukweli alipata nini jioni ile, na nini baadaye?
Jioni ile alipata uchungu. Baadaye akaaminiwa na mitaa yote miwili.

5. Ndugu afanye nini ili dada yake apate kucheza?
Ateke maji na kufanya kazi za nyumbani pamoja naye.

Kazi ya juma hili: vijana wa kila kijiji wacheze mchezo wa kitambaa bila mwamuzi hata mmoja. Mmoja ataje namba, kisha aondoke katikati na kugeuza macho. Mchezo ukiisha bila ugomvi, wajue kwamba somo hili limeingia.