Kuhamisha diski ya Linux bila kupiga fomati

Laptopu yangu ilipokufa mazabodi, fundi niliyempelekea alitaka kuipiga fomati diski na kuanza upya kwenye mashine nyingine. Nilikataa. Diski ilikuwa nzima, na ndani yake kulikuwa na kazi zangu zote tangu 2017. Jioni ile niliichomoa kwa bisibisi ndogo, nikaichomeka kwenye kompyuta ya mezani, nikawasha. Ikaanza kuwaka, ikasimama njiani, nikasahihisha mstari mmoja tu, na ikafika hadi kwenye skrini yangu ileile.

Kerneli ya Linux huja na draiva za vifaa vya kila aina, na kila inapowaka hukagua upya mashine iliyomo. Kwa hiyo mara nyingi diski huzoea nyumba mpya bila kusakinisha chochote. Kinachogoma huwa ni hatua za kuwaka, na hizo zinarekebishika.

Nakili kwanza, hata kama una haraka. Ichomeke diski kwa waya wa USB kwenye kompyuta yenye Linux, tafuta jina lake kwa lsblk, kisha pima afya yake kwa sudo smartctl -a /dev/sdb (weka jina ulilolipata). Ukiona Current_Pending_Sector imezidi sifuri, acha mengine yote utumie ddrescue, ambayo huokoa kwanza sehemu nzima na kuzirudia mbovu baadaye. Diski ikiwa na afya, rsync inatosha:

sudo rsync -aHAX /mnt/zamani/home/ /mnt/nakala/home/

Usiisahau alama ya / baada ya home ya kwanza. Ukiiacha utapata folda ya home ndani ya home nyingine. Diski inayopokea iwe ya ext4. Flashi nyingi ni za FAT32, ambayo hukataa faili la GB 4 na kupoteza wamiliki na ruhusa za mafaili yako.

Sasa ihamishe. Mashine ikidai haina diski ya kuwashia, ingia kwenye mipangilio yake. Mfumo uliosakinishwa kwa njia ya zamani ya BIOS unahitaji njia hiyo iwashwe, kama mashine bado inayo. Diski isipoonekana kabisa, huenda kidhibiti kimewekwa RAID. Kiweke AHCI, ila kama humo ndani kuna Windows pia, fahamu kwamba inaweza kugoma kuwaka.

Kwenye UEFI kuna jambo linalowachanganya wengi: orodha ya mifumo ya kuwashia hukaa kwenye mazabodi. Diski imehama, orodha imebaki kwenye mashine iliyokufa. Mazabodi mpya hutafuta faili moja tu, EFI/BOOT/BOOTX64.EFI, na lisipokuwepo hukata tamaa. Kwa Debian au Ubuntu, washa kwa flashi ya usakinishaji, pachika mfumo wako kwenye /mnt na sehemu ya EFI kwenye /mnt/boot/efi, unganisha /dev, /proc na /sys kwa mount --bind, ingia kwa chroot /mnt, kisha:

grub-install --target=x86_64-efi --efi-directory=/boot/efi --removable

Fedora ina tabia nyingine: huandaa initramfs yenye draiva za mashine ya awali pekee. Chagua kerneli ya uokoaji kwenye menyu ya GRUB, na ikiwaka endesha sudo dracut -f --regenerate-all.

Yangu ilikwama kwenye /etc/fstab. Ile laptopu ilikuwa na diski ya pili ya picha, niliyoiweka mahali pa kisoma DVD, na mstari wake ulisomeka:

/dev/sdb1 /picha ext4 defaults 0 2

Mfumo uliisubiri diski isiyokuwepo kwa sekunde 90, kisha ukanitupa kwenye hali ya dharura na kuniomba nywila ya root. Niliufungua mstari ule kwa nano, nikaongeza nofail baada ya defaults. Nikawasha upya. Wako urekebishe kabla ya kuichomoa diski, na badala ya /dev/sdb1 weka UUID inayotolewa na blkid, maana majina ya namna hiyo hubadilika kila mashine; utajiepusha na usiku mrefu.

Draiva ya Nvidia nayo iondoe mapema kama mashine mpya haina kadi hiyo. Kama uliandika anwani ya mtandao kwa mkono, angalia jina jipya la kadi kwa ip link, kwani enp3s0 inaweza kuwa enp4s0. Na kama diski imefungwa kwa LUKS inayojifungua yenyewe kupitia TPM, ufunguo huo haubebeki: hakikisha unaijua nywila yake wakati mashine ya zamani ingali inawaka.

Ukitaka data pekee, ipachike diski kama ya ziada. Mtumiaji wa kwanza kwa kawaida hupewa namba 1000, hivyo mafaili yatakutambua. Yakikukatalia, nakala uliyoichukua irekebishe kwa sudo chown -R, na diski yenyewe usiiguse mpaka umefungua picha, hati na barua pepe kadhaa ukaona zinasomeka.