Rangi za Moto: Zinavyotujulisha Kinachoungua

Mwali wa jiko la gesi ukiwa wa buluu, gesi inaungua vizuri. Mtungi una propani na butani, na kila molekuli ya propani huhitaji molekuli 5 za oksijeni ili igeuke kaboni dioksidi na mvuke wa maji. Matundu ya hewa yakiziba kwa mafuta au vumbi, oksijeni hupungua. Kaboni isiyoungua hufanya chembe za masizi, nazo zikipata joto hung'aa manjano kama mwali wa koroboi. Sufuria likianza kuwa jeusi, zima jiko, lipoe, uzibue matundu.

Maji ya chumvi yakifurika, mwali huwa wa manjano kwa muda mfupi. Hiyo ni sodiamu, wala haina madhara. Elektroni za metali zikipashwa joto hupanda ngazi ya nishati, na zikishuka hutoa mwanga. Kila metali ina mwanga wake: potasiamu ni zambarau, shaba ni kijani. Kwa njia hiyo wanasayansi Robert Bunsen na Gustav Kirchhoff waligundua elementi mbili mpya huko Heidelberg, Ujerumani, mwaka 1860 na 1861.

Vijana wanaochoma nyaya ili wauze shaba wanaujua mwali huo wa kijani. Tunawasihi waache. Ganda la waya mara nyingi ni plastiki yenye klorini, na moshi wake hubeba asidi pamoja na dioksini, sumu inayoweza kuleta saratani. Nyaya zimenywe kwa kisu.

Jambo zito zaidi ni jiko la mkaa. Buluu inayocheza juu ya makaa si ile ya gesi ya mtungi: ni kaboni monoksidi inayoungua. Mwali ukitoweka yakabaki makaa mekundu, wengi hudhani jiko sasa ni salama, wakaliingiza chumbani kuota moto usiku wa baridi. Kumbe gesi hiyo bado inatoka, tena bila kuungua. Haina rangi wala harufu, na hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 na zaidi. Usilale na jiko la mkaa chumbani, hata likionekana kufifia.

Watu wa nyumba moja wakiumwa kichwa, wakihisi kizunguzungu au kichefuchefu pamoja, watoke nje wote mara moja. Aliyezimia atolewe, apelekwe hospitali, na mhudumu aambiwe kwamba jiko lilikuwa ndani.